Picha ya Meno ya Pande Tatu: Ustadi wa Mpigaji na Utulivu wa Mgonjwa

Mkazi wa Kagunga anapoandikiwa na daktari wa meno picha ya eksirei ya pande tatu, huanza safari ambayo mkazi wa mjini haijui. Kijiji hiki kimebanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, karibu na mpaka wa Burundi, na kwa miaka mingi kimefikiwa hasa kwa njia ya maji. Mgonjwa hupanda boti kuelekea Kigoma mjini, akipita kando ya ufuo wa Hifadhi ya Gombe, na kama kipimo alichoandikiwa hakipatikani Kigoma, huendelea kwa treni ya Reli ya Kati au kwa basi kuelekea Mwanza, Dodoma au Dar es Salaam. Watanzania wengi walilisikia jina la Kagunga mwaka 2015, pale maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walipojazana katika ufuo wake mwembamba wakingoja meli ya MV Liemba iwapeleke Kigoma. Wenyeji hawakuhitaji habari hizo ili kujua kwamba kutoka Kagunga ni jambo la gharama.

Tumeanza na safari kwa sababu ndiyo inayoonyesha thamani ya yale tutakayoyaeleza. Picha ya pande tatu ya meno huchukua sekunde chache tu. Mgonjwa akitikisa kichwa katika sekunde hizo, au mpigaji akikiweka kichwa hicho vibaya, picha huharibika. Aliye jirani na kituo hurudi kesho yake. Aliyetoka Kagunga hulazimika kulala tena mjini, pengine kulipa tena, na bila shaka kupokea mionzi kwa mara ya pili. Uharibifu mwingi wa namna hii unaweza kuzuiwa, na mteja anayo sehemu yake katika kuuzuia, ilimradi ajue nini kinatakiwa kufanyika.

Mashine yenyewe na kazi yake

Eksirei ya kawaida ya jino ni kivuli. Mionzi hupita kwenye shavu, fizi, jino na mfupa, kisha huacha alama kwenye filamu au kwenye kipokezi cha kielektroniki, na vyote vilivyopitiwa huonekana vimelaliana katika bapa moja. Kwa matatizo mengi ya meno, kivuli hicho kinatosha kabisa. Picha pana ya mataya yote mawili, ambayo hupigwa mgonjwa akiwa amesimama na mashine ikimzunguka, nayo ni bapa, ingawa huonyesha eneo kubwa zaidi.

Mashine ya pande tatu hufanya kazi nyingine. Chanzo cha mionzi huwa upande mmoja wa kichwa na kipokezi upande wa pili, na mionzi hutoka ikiwa imetanuka mithili ya koni. Mkono wa mashine huzunguka kichwa mara moja, au nusu mzunguko na zaidi kidogo, ukipiga mamia ya picha kutoka kila pembe. Kompyuta huziunganisha picha hizo na kujenga umbo la taya ambalo daktari anaweza kuligeuza na kulikata vipande kwenye kioo, kama mtu anayeuzunguka mtumbwi uliopandishwa mchangani na kuukagua ubavuni, tezini na chini ya kitako chake. Mashine za aina hii kwa ajili ya kinywa zilianza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa kazi iliyofanywa Verona nchini Italia na pia nchini Japani. Hazipo katika kila hospitali ya mkoa, kwa hiyo tunashauri mgonjwa, au kituo kinachompa rufaa, kipige simu kabla ya safari na kuthibitisha mambo matatu: kwamba mashine ipo, kwamba inafanya kazi siku hiyo, na kwamba mtaalamu wa kuitumia yupo kazini.

Je, unaihitaji?

Hili ndilo swali la kwanza, na mteja ana haki ya kumwuliza daktari wake. Picha ya pande tatu ina mahali pake. Gego la mwisho la taya la chini linapoota kwa kulala na mizizi yake ikaonekana, katika picha ya kawaida, kugusana na mfereji wa mshipa wa fahamu wa taya, daktari anahitaji kujua kama mshipa huo umepita mbele, nyuma au katikati ya mizizi; asipojua, mgonjwa anaweza kubaki na ganzi ya mdomo na kidevu kwa muda mrefu. Uvimbe wa taya ni sababu nyingine. Katika Afrika Mashariki madaktari wa upasuaji wa kinywa wanaufahamu sana uvimbe uitwao ameloblastoma, unaoota polepole bila maumivu makali hata taya likatanuka, na mipaka yake lazima ipimwe kabla ya upasuaji. Kadhalika mivunjiko ya taya itokanayo na ajali za bodaboda, meno yaliyokwama ndani ya mfupa, na upimaji wa mfupa kabla ya kuweka kipandikizi cha jino.

Picha hiyo haihitajiki kwa kutafuta matundu ya kawaida ya meno. Hapo eksirei ndogo ya jino hufanya kazi vizuri zaidi, tena kwa mionzi michache na bei ndogo. Haihitajiki pia kama sehemu ya "kifurushi" kinachotolewa kwa kila anayeingia mlangoni. Jumuiya ya wataalamu wa radiolojia ya meno ya Ulaya ilichapisha mwaka 2009 kanuni 20 za matumizi ya mashine hizi, na miongoni mwake imo hii: mgonjwa asipigwe picha ya pande tatu kabla ya kusikilizwa historia yake na kuchunguzwa kinywa. Kituo kinachokupeleka kwenye mashine kabla hujafungua mdomo mbele ya daktari kinafanya biashara ya picha, na sisi hatuoni neno la upole zaidi la kuieleza hali hiyo.

Tunaongeza tahadhari moja. Mwenye uvimbe wa uso unaoongezeka haraka, homa, kushindwa kufungua mdomo, au shida ya kumeza au kupumua asisubiri picha ya pande tatu wala treni ya kesho. Hiyo ni dharura, na matibabu yake huanzia katika hospitali ya karibu.

Kuhusu kiasi cha mionzi

Mionzi inayopokewa na mwili hupimwa kwa mikrosiveti. Hewa, udongo, chakula na anga humpa binadamu wa kawaida duniani wastani wa mikrosiveti 2,400 kwa mwaka, yaani kati ya 6 na 7 kwa siku, bila kwenda hospitali. Eksirei ndogo ya jino moja huwa ni mikrosiveti chache tu, mara nyingi chini ya kiasi cha siku moja. Picha pana ya mataya huwa kati ya 3 na 24 hivi. Picha ya pande tatu haina tarakimu moja: mashine mbalimbali zimepimwa na kuonekana kutoa kuanzia mikrosiveti kama 11 hadi zaidi ya 1,000.

Tofauti hiyo kubwa haitokani na bahati. Inatokana na aina ya mashine, ukubwa wa eneo linalopigwa, na mipangilio anayoichagua mpigaji. Akitaka kuona gego moja, mpigaji aliyefunzwa hufunga eneo la mionzi likawa dogo, upana wa sentimita nne au tano, na kuacha macho, ubongo na tezi ya shingo nje ya njia ya mionzi. Asiyefunzwa huacha mashine ilivyowekwa na fundi aliyeifunga, na kichwa kizima kikapigwa kwa ajili ya jino moja. Mgonjwa hataona tofauti yoyote chumbani. Mlio wa mashine ni ule ule. Ndiyo maana mafunzo ni suala la mteja na si la wataalamu peke yao.

Mpigaji awe amefunzwa nini

Nchini Tanzania matumizi ya vyanzo vya mionzi yanasimamiwa chini ya Sheria ya Nguvu za Atomu Na. 7 ya mwaka 2003, na msimamizi ni Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, iliyorithi kazi ya Tume ya Taifa ya Mionzi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1983. Kituo chenye mashine ya eksirei, hata ile ndogo ya jino, kinapaswa kuwa na kibali cha Tume. Daktari wa meno naye husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na wataalamu wa mionzi wana baraza lao. Mteja anaweza kuomba kuonyeshwa kibali cha mashine. Katika vituo vingi hubandikwa ukutani, na kuuliza si utovu wa adabu.

Kibali cha mashine, hata hivyo, hakithibitishi kwamba aliyeshika kitufe ameijua mashine hiyo. Mtaalamu aliyezoea kupiga eksirei za kifua au mikono anajua fizikia ya mionzi, lakini picha ya taya ya pande tatu ina mambo yake: kuchagua eneo, kusoma mistari ya mwanga, kumtuliza mgonjwa, kutambua picha iliyochafuliwa na chuma na iliyochafuliwa na mtikisiko, na kujua lini arudie na lini asirudie. Siku moja ya maelekezo kutoka kwa muuzaji siku mashine inapofungwa haitoshi. Mafunzo yanayostahili jina hilo yana nadharia, yana mazoezi kwenye fantomu, yaani sanamu ya kichwa isiyodhurika, na yana kipindi cha kupiga picha chini ya macho ya aliyetangulia. Aliyefunzwa kwa mashine ya aina moja anahitaji kuelekezwa upya anapohamia nyingine, maana sehemu ya kuegemeza kidevu, mistari ya mwanga na programu hutofautiana.

Upo pia upande wa usomaji. Picha hii huonyesha vitu vingi kuliko jino lililoulizwa: mapango ya hewa ya uso, kiungo cha taya, wakati mwingine hata pingili za juu za shingo. Anayeisoma anawajibika kuipitia yote. Kama eneo lililopigwa ni kubwa na limevuka meno na mataya, ni haki kuomba lisomwe na daktari wa radiolojia. Mgonjwa anapaswa kupata ripoti iliyoandikwa. Kuambiwa kwa mdomo kwamba "picha iko safi" ni huduma nusu.

Mkao, hatua kwa hatua

Picha ya kwanza ya meno inayojulikana ilipigwa Januari 1896 na Otto Walkhoff wa Ujerumani, wiki chache tu baada ya Wilhelm Röntgen kugundua mionzi hiyo. Walkhoff alikaa bila kutikisika kwa dakika 25 kinywa chake kikipigwa mionzi. Leo mzunguko mmoja wa mashine ya pande tatu huchukua mara nyingi sekunde 10 hadi 20. Ni muda mfupi, ila utulivu unaotakiwa ni mkali zaidi, kwa kuwa chembe za picha hizi zinaweza kuwa ndogo kuliko robo ya milimita. Kutikisika kwa milimita moja kunatosha kufuta mstari mwembamba wa mfereji wa mshipa, au kuufanya uonekane ni miwili.

Wavuvi wa dagaa wataelewa upesi. Ukijaribu kupiga picha taa za mitumbwi usiku kwa kamera inayoacha kioo wazi muda mrefu, hupati nukta za mwanga bali michirizi, kwa sababu mtumbwi unayumba. Kichwa kinachoyumba ndani ya mashine huchora michirizi ya namna hiyo hiyo kwenye mfupa.

Maandalizi huanza kabla ya kuingia chumbani. Chuma huzuia mionzi na kutawanya michirizi myeupe na meusi pembeni yake, kwa hiyo hereni, kipini, mkufu, miwani, vibanio vya nywele, pini za ushungi, vifaa vya kusikilizia na meno ya bandia yanayotolewa huwekwa kando. Mwanamke anayevaa ushungi ana haki ya kuomba faragha au mhudumu wa kike anapoondoa pini. Mara nyingi kitambaa chenyewe hakina shida, tatizo ni pini. Nywele zilizosukwa na kufungwa fundo kubwa kisogoni husukuma kichwa mbele kutoka kwenye egemeo, hivyo ni vyema kuzisuka kwa namna itakayolala. Meno yaliyozibwa kwa madini na vifuniko vya chuma havitoki. Mweleze daktari mapema ulivyo navyo, kwa sababu vikiwa jirani na mahali panapochunguzwa, picha ya pande tatu inaweza isimsaidie.

Zipo mashine za kusimama, za kukaa na za kulala. Pale panapowezekana kuchagua, tunashauri kukaa, hasa kwa mzee, mwenye kizunguzungu, na yeyote aliyetoka safari ndefu. Aliyeshuka botini asubuhi baada ya usiku bila usingizi bado anahisi mawimbi miguuni. Kunywa maji, kula kidogo, pumzika nusu saa. Mpigaji mwenye ujuzi hatakuharakisha.

Ukishakaa, mgongo hunyooshwa, mabega hushushwa na mikono hushika vishikio. Kidevu hukaa kwenye egemeo, na kwa kawaida utapewa kijiti cha plastiki cha kung'ata kwa meno ya mbele, chenye kifuniko kipya ulichokiona kikifunguliwa. Kijiti hicho kina kazi mbili: kinatulia taya mahali pamoja, na kinatenganisha meno ya juu na ya chini ili yasilaliane kwenye picha. Asiye na meno ya mbele huwekewa pamba iliyoviringishwa au hutegemea kidevu pekee. Kisha mkanda au vishikizo laini hukizunguka kichwa kwenye paji la uso na pande za masikio. Vinapaswa kukaza bila kuumiza, kwani kinachouma humfanya mtu ajitikise.

Mistari ya mwanga itaonekana usoni. Mmoja hushuka katikati ya paji la uso, pua na kidevu; mwingine hupita kwa mlalo. Mpigaji huitumia kuhakikisha kichwa hakijainama upande mmoja, hakijageuka, na kidevu hakijapanda wala kushuka. Utamwona akirudi nyuma, akitazama mbele na ubavuni, akirekebisha kidogo, akitazama tena. Huo si uzembe wala kutojua. Tungekuwa na wasiwasi zaidi na yule anayemkalisha mgonjwa, akafunga mlango na kubonyeza. Mashine nyingi huruhusu picha fupi ya majaribio yenye mionzi kidogo ili kuona kama eneo linalotakiwa limeingia, na mpigaji makini huitumia kabla ya kupiga picha kamili.

Yanayofuata ni yako. Funga midomo kuzunguka kijiti, tuliza ulimi, meza mate kabla na si wakati wa mzunguko, pumua polepole kwa pua. Macho yafumbwe, au yatazame nukta moja. Watu wengi hugeuza kichwa bila kujua wakiufuata mkono wa mashine kwa macho. Mashine haitakugusa. Ikitoa mlio, usishtuke.

Maelekezo haya hayana faida kama mgonjwa hakuyaelewa. Katika mwambao huu wapo wazee wanaosema Kiha au Kirundi kwa wepesi kuliko Kiswahili cha hospitalini. Tunashauri waende na kijana wa nyumbani, naye aruhusiwe kuingia chumbani wakati wa maandalizi, atafsiri, kisha atoke kabla ya mionzi. Mpigaji naye huzungumza kwa heshima na kwa maneno machache: "Shikamoo bibi. Mashine hii itakuzunguka kichwa mara moja, haitakugusa. Kwanza tutaizungusha bila mionzi uione. Kisha nitatoka, nitakuwa nakuona kupitia kioo kile. Ukitaka nisimamishe, inua mkono." Mzunguko huo wa majaribio bila mionzi huchukua chini ya dakika moja na huokoa picha nyingi. Ukiuomba na mashine ikaruhusu, hakuna sababu ya kukunyima.

Mpigaji akiwa nje ya chumba lazima akuone muda wote. Kitufe hushikiliwa, na akiona kichwa kimetikisika hukiachia ili mionzi ikome, badala ya kungoja picha mbovu imalizike.

Watoto, wajawazito na vazi la risasi

Kwa mtoto, daktari hujiuliza mara mbili kabla ya kuandika picha hii, kwa sababu mwili unaokua huathirika na mionzi kuliko mwili wa mtu mzima. Ikibidi, eneo na nguvu za mionzi hupunguzwa. Mipangilio ya mtu mzima isitumike kwa mtoto wa miaka minane. Mtoto asiyeweza kutulia kwa sekunde 15 hataweza kutulia kwa sababu amefokewa. Mwonyeshe mashine, mfundishe nyumbani mchezo wa "kuwa sanamu", na kama bado hawezi, mwulize daktari kama jambo linaweza kungoja au kuchunguzwa kwa eksirei ya kawaida. Hapa tunataja pia desturi ya kuchokonoa fizi za watoto wachanga ili kuondoa kile kinachoitwa "meno ya nailoni". Kinachotolewa ni chipukizi la jino la kawaida, na miaka baadaye mtoto huja kwa daktari akiwa na chonge lililopotea au lililoota likiwa na kilema. Mzazi amweleze daktari historia hiyo bila kuona haya, maana inaweza kufupisha uchunguzi na kupunguza picha.

Mtu yeyote asikushike kichwa wakati wa mionzi kama jambo la kawaida. Edmund Kells wa New Orleans, mmoja wa madaktari wa meno wa kwanza kutumia eksirei nchini Marekani, aliiweka mikono yake katika njia ya mionzi kwa miaka mingi. Akakatwa vidole, kisha mkono, na akafariki mwaka 1928. Kama mtoto au mlemavu hana budi kushikwa, ashikwe na ndugu mtu mzima asiye mjamzito, aliyevalishwa kinga, wala isiwe kazi ya kila siku ya mhudumu.

Mjamzito, au anayehisi kuwa mjamzito, aseme kabla ya kuingia. Mionzi inayofika tumboni kutoka kwenye picha ya meno ni kidogo mno, kwa hiyo picha ya lazima haizuiliwi. Isiyo ya haraka huahirishwa.

Wateja wengi hulalamika wasipovalishwa vazi la risasi. Mwaka 2024 Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilipendekeza mavazi hayo na kola za shingo yaachwe katika eksirei za meno, kwa hoja kwamba kufunga eneo la mionzi humlinda mgonjwa zaidi, na kwamba kola inaweza kuingia kwenye picha na kulazimisha irudiwe. Vituo vyetu hufuata maelekezo ya wasimamizi wao, na utakuta tofauti. Uliza sababu, na uulize pia eneo lako la mionzi limefungwa kwa ukubwa gani, swali ambalo jibu lake lina uzito zaidi.

Baada ya picha

Usiondoke kabla mpigaji hajaitazama picha kwenye kioo na kukwambia kwamba inasomeka. Kwa mtu wa Kagunga dakika hizo tano zina thamani ya safari nzima. Ikiharibika, uliza kwa utulivu ni kwa nini, nini kitabadilishwa kabla ya kurudia, na nani anagharimia marudio. Kurudia bila kubadilisha chochote ni kumwongezea mgonjwa mionzi bure. Kama sababu ni mtetemo wa mwili usiozuilika, huenda daktari akaamua kutorudia na kutumia kipimo kingine.

Omba nakala kwenye diski au flashi, ikiwa na data kamili ya picha pamoja na programu ya kuifungulia, wala si karatasi iliyochapishwa pekee. Karatasi huonyesha vipande vichache alivyovichagua mtu mwingine. Data kamili humwezesha daktari wa Kigoma au wa Muhimbili kuiangalia taya upya bila kukupiga tena. Iwekwe ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri pamoja na ripoti, kabla ya kupanda boti. Tunza pia risiti, tarehe ya kipimo na jina la kituo.

Malalamiko kuhusu huduma huanzia kwa mganga mfawidhi wa kituo, kwa maandishi, na nakala yake ubaki nayo. Yanayohusu mwenendo wa daktari wa meno hupelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika. Yanayohusu usalama wa mashine, kibali chake au mionzi iliyotumika bila sababu hupelekwa Tume ya Nguvu za Atomu. Asiyeweza kusafiri anaweza kumwomba mtendaji wa kijiji au mganga wa zahanati yake amsaidie kuandika barua na kuituma, akiambatisha nakala ya risiti na ya ripoti.